Riziki Iliyoandikwa na Malengo ya Kijana

Kama kijana ana haja ya kujiwekea malengo ya kazi ni swali linaloonekana la darasani na ofisini. Lakini katika nchi zenye waumini wengi, kama zilivyo Tanzania na Kenya, ni swali la dini kabla ya kuwa la ajira. Muumini hufundishwa tangu utotoni kwamba riziki hutoka kwa Mungu. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Masud, iliyomo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, malaika huamriwa aandike mambo manne ya mtoto angali tumboni mwa mama yake, na riziki ni mojawapo. Kurani, katika Sura ya Al-Kahf, inamkataza Mtume kusema juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho pasipo kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Kwa Wakristo, Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakemea wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa huko mwaka mzima na kupata faida, ilhali ya kesho hawayajui. Basi kijana wa kidato cha nne anayeandika daftarini kwamba atakuwa mhandisi, anaandika nini hasa? Na ikiwa fungu lake lilikwisha kukatwa kabla hajazaliwa, juhudi yake inaongeza nini?

Mitaani majibu mawili hupatikana kwa wepesi. La kwanza ni la anayesema Mungu hamtupi mja wake, kisha akakaa barazani kungoja jina lake liitwe. La pili ni la wale wanaofundisha kuwa maisha ni kujipanga tu: andika lengo, libandike ukutani, litatimia, na asiyefika ni kwa sababu hakutaka kwa dhati. Majibu hayo yanaonekana kupingana, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili yanamfanya Mungu na juhudi ya mtu kuwa washindani, kwamba alichokifanya mmoja, mwingine hakukifanya.

Wanafalsafa wa dini waliliona kosa hilo zamani. Ibn Rushd wa Kordoba (1126–1198), aliyekuwa kadhi na tabibu pamoja na kuwa mwanafalsafa, alieleza kwamba kadari haipiti juu ya sababu za mambo. Kadari ndiyo huo mpangilio wenyewe wa sababu, zilizomo ndani ya mtu na zilizo nje yake, kama Mungu alivyouweka. Thomas wa Akwino (1225–1274) aliwaandikia Wakristo karibu hayo hayo: maongozi ya Mungu hayaamui tu kitakachotokea, yanaamua pia kitokee kwa sababu zipi na kwa utaratibu gani, na matendo ya watu ni miongoni mwa sababu hizo. Kwa maelezo haya, binti aliyekadiriwa kuwa mkunga amekadiriwa pia kukesha na daftari la baiolojia. Hawezi kuipokea nusu ya kadari yake na kuikataa nusu nyingine.

Aliyelichambua jambo hili kwa undani zaidi ni Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), na inashangaza kidogo kwamba ni yeye. Katika mabishano yake na wanafalsafa alikana kuwa moto unalazimika kuunguza pamba. Kuungua, alisema, ni tendo la Mungu linaloambatana na kugusana kwa moto na pamba. Mtu angetarajia mwenye rai hiyo awaruhusu watu kuzipuuza sababu. Alifanya kinyume chake. Katika kitabu cha tawakali, yaani kumtegemea Mungu, kilichomo ndani ya Ihya Ulum al-Din, aliziweka sababu katika daraja tatu. Ya kwanza ni sababu za yakini. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono, ati kwa kuwa amemtegemea Mungu, huyo hana tawakali, ana wazimu. Ndivyo alivyo pia anayetaka mavuno bila kupanda. Daraja ya pili ni sababu ambazo aghalabu hufikisha ingawa si lazima, na mfano wake ni kuchukua masurufu safarini. Kuzishika sababu hizi hakuharibu tawakali, maadamu moyo unamtegemea Mtoaji kuliko kilichotolewa. Daraja ya tatu ni sababu za kuwaziwa tu, na humo alizitia hila za ndani kabisa za kutafuta mali. Kuzama katika hizo ndiko kunakoiharibu tawakali.

Mgawanyo huu wa Ghazali unamfaa kijana wa leo kama ulivyo. Kwa anayetaka kuwa fundi umeme, kujifunza kusoma mchoro wa nyaya, kupima saketi na kuzima swichi kuu kabla ya kugusa chochote ni sababu za yakini, kwa maana hakuna fundi asiyejifunza. Kuomba nafasi chuoni, kuomba mkopo wa masomo, au kujitolea katika karakana ya mtu ili ajulikane kwa kazi yake, hizo ni za daraja ya pili: mara nyingi hufikisha, mara nyingine hazifikishi. Kununua dawa ya mvuto kwa mganga, au kulipia maombi maalumu ili barua ya kuitwa kazini itoke, ni za daraja ya tatu. Daraja hii ya mwisho inawala vijana maskini fedha ambazo zingewanunulia vifaa, na viongozi wa dini wanaoinyamazia, au wanaoifanyia biashara, wana dhambi kubwa kuliko vijana wenyewe.

Kuna kisa kimoja katika mapokeo ya Kiislamu kinachoonyesha mpango wa kazi ukifanyika hatua kwa hatua. Kimo katika mkusanyo wa Abu Daud, na mpokezi wake ni Anas bin Malik. Mtu mmoja wa Ansari, yaani wenyeji wa Madina, alimwendea Mtume kuomba. Aliulizwa kama nyumbani kwake hana kitu chochote. Akasema anacho kitambaa kizito, sehemu wanajifunika na sehemu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavishika mkononi na kuvinadi mbele ya watu. Mmoja akasema atavichukua kwa dirhamu moja. Mtume akauliza mara mbili au tatu nani anayeongeza, hata mwingine akafika dirhamu mbili. Fedha akapewa yule Mwansari: dirhamu moja anunue chakula awapelekee watu wake, ya pili anunue shoka na kulileta. Lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, na asimwone kwa siku 15. Mtu yule alirudi akiwa amechuma dirhamu 10, nyingine akanunulia nguo, nyingine chakula.

Kisa hiki kinastahili kusomwa polepole na mwalimu yeyote anayewashauri vijana kuhusu kazi. Swali la kwanza lilikuwa ana nini. Ndoto yake hakuulizwa. Hesabu ilianzia kwenye vitu viwili duni vilivyokuwa nyumbani. Mtaji uligawanywa, na sehemu ya chakula ikatangulia, kwa kuwa mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja faida ya kuni. Kilichonunuliwa ni kifaa cha kazi. Muda ukawekwa, si mrefu kiasi cha kusahaulika wala mfupi kiasi cha kukatisha tamaa, na mwisho wake taarifa ikatolewa. Mawaidha juu ya ubaya wa kuombaomba yalikuja mwishoni, baada ya mtu kushiba na kuvaa. Na yote hayo alifanyiwa na yule yule aliyewafundisha watu kwamba riziki imeandikwa. Mwenye kutaka ushahidi kwamba kuamini kadari hakupingani na kuweka malengo hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Hata hivyo yule Mwansari alikuwa mtu mzima mwenye familia, na kukata kuni ni kazi ambayo kila mtu anaijua. Kijana ana tatizo la ziada: anatakiwa achague kabla hajajua. Aristotle (384–322 KK), katika kitabu cha kwanza cha Maadili yake, alisema kijana si msikilizaji afaaye wa mafunzo ya mwenendo wa maisha, kwa kuwa bado hana uzoefu wa mambo ambayo mafunzo hayo yanayazungumzia. Mfumo wa elimu haumngoji apate uzoefu huo. Mwanafunzi wa Tanzania anajaza fomu ya kuchagua tahasusi akiwa na miaka 16 au 17. Akiandika PCB (fizikia, kemia na baiolojia), njia ya udaktari inabaki wazi. Akiandika HGL (historia, jiografia na Kiingereza), imefungwa. Kenya nako aliyemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huchagua kozi kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, akiwa na umri unaokaribiana na huo, na wengi wao hawajawahi kukaa hata siku moja katika ofisi, maabara au wodi wanayoichagua.

Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, ameonyesha kwamba ugumu huu haumalizwi na kuongeza taarifa. Yapo mambo ambayo yakimpata mtu humbadilisha hata vile anavyovipenda. Kijana wa leo anapima udaktari kwa matamanio ya leo, lakini atakayeishi na udaktari ni mtu mwingine, aliyefinyangwa na miaka ya zamu za usiku na vifo vya wagonjwa. Hakuna kipeperushi cha chuo kinachoweza kumtambulisha kwa mtu huyo mapema. Kwa hiyo lengo la kazi, hata lifikiriwe vizuri namna gani, lina ndani yake sehemu ya kujikabidhi kusikojulikana.

Hapo ndipo ibada inapokuwa na kazi ambayo hesabu haiwezi kuifanya. Jabir bin Abdillah amepokea kwamba Mtume aliwafundisha maswahaba istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura za Kurani. Mwenye kukusudia jambo huswali rakaa mbili, kisha huomba: likiwa lina heri katika dini yake, maisha yake na mwisho wa mambo yake, alifanyiwe jepesi na libarikiwe, likiwa lina shari, aepushiwe na yeye aepushwe nalo, akadiriwe heri popote ilipo, na aridhishwe nayo. Anayeomba hivyo amekwisha kukusudia jambo. Istikhara haimwambii kijana asiyefikiri lolote achague nini. Desturi ya kulala na kungoja ndoto ya rangi nyeupe au kijani imeenea, lakini katika Hadithi yenyewe ndoto haikutajwa. Wanazuoni hufundisha kwamba istikhara iende pamoja na kutaka ushauri kwa watu wema wenye kulijua jambo. Anayetaka kuwa baharia basi aongee na baharia aliyekaa miezi melini, na anayetaka uwakili amwendee wakili, kisha ndipo aswali na kuendelea na alilokusudia.

Ushauri wa wazazi una nafasi ya pekee hapa, na pia hatari ya pekee. Mzazi aliyelipa ada kwa kuuza ng'ombe au shamba ana haki ya kusikilizwa. Lakini kumtii mzazi si kumfanya yeye ndiye mjuzi wa kazi asiyoifahamu. Mzazi anayeshikilia kwamba mwanawe awe mhasibu kwa sababu mtoto wa jirani ni mhasibu anamtwisha kijana lengo ambalo si la kijana wala la mzazi mwenyewe.

Lengo lenyewe likoje basi? Katika kitabu cha tatu cha Maadili, Aristotle anasema daktari hashauriani na nafsi yake kama aponye au asiponye. Hushauriana tu kuhusu njia. Kuponya ni mwisho uliokwisha kuwekwa na kazi yenyewe. Maneno hayo yakichukuliwa kwa uzito, yanageuza namna kijana anavyoulizwa. Anayesema anataka kuwa daktari na akilini mwake mna gari, nyumba na heshima, hajataka udaktari bado. Ametaka vitu ambavyo angeweza kuvipata kwa njia nyingine, na siku udaktari utakapokawia kuvileta, mgonjwa ndiye atakayelipa.

Ghazali analisogeza swali mbali zaidi ya nafsi ya mchaguaji. Katika kitabu cha elimu kinachoifungua Ihya, aliitaja tiba na hesabu kuwa faradhi ya kutoshelezana: mji ukikosa mwenye kuzijua, watu wake wote wana dhambi, akipatikana wa kutosha, wengine wamesalimika. Akaongeza kilimo, ufumaji, ushonaji na hata upigaji chuku. Kisha akalalamika kwa uchungu kwamba ipo miji mingi isiyo na tabibu wa Kiislamu hata mmoja, ilhali watu wanasongamana kwenye fikihi, elimu ya sheria ya dini, ambayo tayari ina wajuzi tele. Sababu aliitaja waziwazi: tiba haimfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu, mali za mayatima na ukadhi. Miaka zaidi ya 900 baadaye, malalamiko hayo hayajachakaa. Kijana anayechagua kazi anafaa kuulizwa mji wake umekosa nini, kando ya kuulizwa anapenda nini.

Naye Ghazali hakuyasema hayo akiwa nje ya mashaka. Mwaka 1091 alikabidhiwa ufundishaji katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo ambacho mwanachuoni wa zama zake asingetamani cha juu zaidi, naye hajafika miaka 35. Mwaka 1095 alijichunguza akaona nia yake ya kufundisha imesukumwa na jaha na sifa. Kwa muda wa miezi sita alivutwa huku na huku, hata ulimi ukamfunga asiweze kufundisha na chakula kikamshinda. Matabibu wakakata tamaa. Aliondoka Baghdad akitoa habari kwamba anakwenda Makka, akaelekea Sham (Syria). Mwaka 1106 alirudi kufundisha, huko Nishapur. Kazi ilikuwa ile ile ya mwanzo. Alichokwenda kukibadilisha ni nia, na alikiona kinastahili miaka 11 ya maisha yake.

Kwa upande wa Wakristo, Martin Luther alifundisha katika karne ya 16 kwamba wito hauishii kwa padri na mtawa. Mkulima, mtumishi wa nyumbani na fundi wa viatu nao wanamtumikia Mungu wanapowatumikia jirani zao. Mafundisho hayo yaliheshimisha kazi za mikono kwa kiasi kikubwa. Ila baadaye, kama mwanasosholojia Max Weber alivyodai katika insha zake za 1904 na 1905, baadhi ya waliofuata njia ya Calvin walianza kuyatazama mafanikio ya kazi kama alama ya kuteuliwa na Mungu.

Fikra hiyo ya alama imepata nguvu mpya Afrika Mashariki kupitia mahubiri ya mafanikio, na madhara yake kwa vijana ni makubwa. Ikiwa kupata ni dalili ya kupendwa na Mungu, basi kukosa ni dalili ya kukataliwa, na aliyefeli mtihani anaondoka na majeraha mawili badala ya moja. Kitabu cha Ayubu kiliandikwa kuipinga hoja hiyo hiyo. Rafiki zake walishikilia kwamba mateso yake lazima yatokane na dhambi, na mwishoni mwa kitabu ni wao, na si Ayubu, ambao Mungu anawaghadhibikia kwa kutosema yaliyo sawa.

Wastoa, wanafalsafa wa kale, walitoa njia nzuri ya kulishika lengo bila kuvunjwa nalo. Cicero, mwandishi wa Kirumi, ameieleza katika kitabu cha tatu cha De Finibus kwa mfano wa mpiga upinde. Anafanya yote yaliyo katika uwezo wake ili mshale uende sawa: anachagua mshale, anasimama vema, anavuta kwa kipimo. Mshale ukishaachia uzi, upepo unaweza kuupeleka kando, na shabaha nayo inaweza kusogea. Aliyepiga vizuri amekwisha kutimiza la kwake hata mshale ukikosa. Yapo mapungufu katika mafundisho ya Wastoa, hasa ugumu wao mbele ya huzuni. Lakini kwa jambo hili waliona sawa, na muumini anayesema inshallah kwa kumaanisha anasema karibu hicho hicho. Malengo yaliyoandikwa vizuri, kwa hiyo, yanaorodhesha kwanza yaliyomo mkononi: kumaliza mtaala wa kemia kabla ya Oktoba, kushona magauni matatu yasiyo na kasoro, kutimiza ahadi ya muda kwa kila mteja. Cheo na mshahara vinaweza kuandikwa pia, chini yake, kama mambo yanayotumainiwa.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, ni ushahidi wa karibu. Aliajiriwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926 kuwa karani wa forodha, na akaendelea na ukarani katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30, katika utawala ambao haukumruhusu Mwafrika kupanda juu kwa kadiri ya uwezo wake. Cheo hakikuwa mkononi mwake. Usomaji, uandishi na uadilifu vilikuwamo. Alipofariki mwaka 1962, alikuwa ameandika nathari na mashairi yaliyomfanya ahesabiwe mwandishi mkuu wa Kiswahili wa karne yake. Mtu aliyemjua forodhani tu asingeweza kukisia hivyo kwa kuangalia ngazi ya mshahara wake.

Linabaki suala la wasio vijana. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu shule iliyowaandaa wachache kwa kazi za ofisini na kuwaacha wengi waliobaki wajione wameshindwa maisha. Lawama hiyo inawahusu watu wazima, kama zinavyowahusu hukumu za faradhi ya kutoshelezana: dhambi ya mji usio na tabibu haimwangukii kijana mmoja aliyechagua vibaya, inauangukia mji mzima. Wazee wa mtaa, maimamu, mapadri na wachungaji wanaomlaumu kijana kwa kukosa malengo wana wajibu wa kumwonyesha fundi wa kumfundisha, kumlipia ada ya mtihani anapokwama, na kununua kwa bei ya haki kazi yake ya kwanza. Bakuli na kitambaa vya yule Mwansari visingezaa shoka kama pasingekuwa na mtu aliyekubali kuongeza dirhamu ya pili.